Bukavu: Mwalimu mstaafu anayepiga picha vipepeo wa lupango lake, na nyumba inayotaka kujengwa mahali pao

Tangu miaka minne, mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wa Nguba, komini ya Ibanda, anapiga picha za vipepeo, ndege na vinyonga wanaoingia katika bustani ya nyumba yake. Ana daftari tatu zilizojaa maandishi na simu moja yenye kioo kilichopasuka. Lakini tangu mabenki ya mji yafungwe mwanzoni mwa mwaka 2025, familia inataka kujenga nyumba ya kupangisha mahali bustani ilipo. Tulimtembelea mvua za kwanza zilipokuwa zimerudi.

Ni saa mbili na nusu ya asubuhi. Ukungu umekwisha kutoka juu ya ziwa, lakini majani ya mndimu yangali yamelowa. Mwalimu ameketi juu ya bidoni ya njano, kikwembe amekikunja magotini, simu ameishika kwa mikono miwili. Mbele yake, juu ya jani, kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano amefungua mabawa kuelekea jua. Hatikisiki.

"Usisogee, mtoto wangu," ananiambia bila kunitazama. "Kivuli chako kikimugusa, anaenda."

Nikabaki mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama mwizi. Akapiga picha sita mfululizo, akasogea kidogo, akapiga tena nne. Kipepeo alipojikusanya na kuruka juu ya ukuta wa jirani, Mwalimu alifungua daftari na kuandika: tarehe, saa, mti, idadi.

Saa hii haikuchaguliwa ovyo. Kipepeo hawezi kuruka vizuri mwili wake ukiwa baridi, na Bukavu, kwenye urefu wa karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku wake kila mkaaji anaujua. Jua likitoka, vipepeo wanakaa juu ya majani wakiwa wamefungua mabawa, wanaota jua kama wazee mbele ya nyumba. Ndiyo nafasi ya kuwakaribia. Ikifika saa nne wamekwisha kupata joto, na mwenye simu anabaki kuwafukuza tu.

Ameomba tusiandike jina lake, kwa sababu mambo ya lupango yangali yanazungumzwa ndani ya familia. Mtaani wanamwita Mwalimu. Nasi tutamwita hivyo.

"Mavi ya ndege inatembea"

Mwalimu hakuanza kama rafiki wa vipepeo. Alianza kama adui yao. Mwaka 2021 mndimu wake, ule ule wa asubuhi hii, ulikuwa unabaki matawi matupu. Ndimu alikuwa akiziuza kwa majirani na kwa mama mmoja mwenye meza barabarani, feza kidogo lakini za kila juma. Alienda sokoni Kadutu, akanunua dawa ya wadudu iliyomiminwa katika chupa ndogo isiyo na maandiko yoyote, akapuliza mti mzima.

"Wakati ule nilikuwa naua yote," anasema. "Sikukuwa naona kipepeo. Nilikuwa naona tu mwenye kukula majani yangu."

Siku chache baadaye, mjukuu wake wa miaka saba alikuwa akicheza chini ya mti. Akaita: "Koko, kuja uone! Mavi ya ndege inatembea!"

Mtoto hakukosea sana. Kipepeo huyu mweusi na njano, ambaye wataalamu wanamwita Papilio demodocus na ambaye yuko karibu kila mahali Afrika kusini mwa Sahara, anataga mayai yake moja moja juu ya majani machanga ya ndimu, machungwa na mandarini. Kiwavi akitoka ni wa rangi ya kahawia na doa jeupe mgongoni, na kweli anafanana kabisa na kinyesi cha ndege. Ndege wanaomtafuta wanampita. Akikua anabadilisha nguo: anakuwa kijani, anajificha kati ya majani. Na ukimgusa, anatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali.

Mwalimu alinipa kijiti cha jani ili nijaribu. Pembe zilitoka mara moja. Harufu ni kama ya chungwa lililosahauliwa chini ya kitanda, na ilibaki kwenye vidole vyangu mpaka mchana.

Siku ile ya 2021 bibi na mjukuu walimweka yule kiwavi katika kopo la maziwa ya unga, wakafunika kwa kipande cha chandarua, wakawa wanampa majani ya tawi ambalo dawa haikufika. Mtoto ndiye aliyetaka picha ya kila siku. Kiwavi akala, akanenepa, kisha siku moja akaacha kula na kupanda kwenye kijiti. Alijifunga uzi mmoja kiunoni, mkia ukiwa umeshikamana na kijiti, sawasawa na fundi wa SNEL anavyojifunga mkanda juu ya poto. Asubuhi iliyofuata ngozi ilikuwa imeanguka, na mahali pake kulikuwa na kifuko kigumu chenye rangi ya kijiti chenyewe.

Walihesabu karibu wiki tatu. Kisha asubuhi moja kifuko kilikuwa kimepasuka, na kipepeo alikuwa ananing'inia hapo, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kilichotoka kwenye maji. Ilimchukua zaidi ya saa moja kuyanyoosha.

Nimeiona picha yake. Ni mbaya: nusu ni dole gumba la mtoto, nusu nyingine haionekani vizuri. Ndiyo picha namba moja katika daftari la kwanza.

Chupa ya dawa aliizika. Mndimu bado unaliwa, lakini viwavi wakizidi anawahesabu, anaacha sita au saba kwenye matawi ya chini, wengine anawapa kuku. Anasema ndimu anazopata si chache kuliko za zamani. Mimi sina mizani ya kuthibitisha, ila mti niliouona ulikuwa na matunda.

Padri na Mama Machungwa

Katika Kiswahili chetu wote ni vipepeo tu. Majina ya Kilatini yanamchosha Mwalimu, na ya Kifaransa hayajui yote, basi amewabatiza mwenyewe. Yule wa mndimu anaitwa Ndimu. Wadogo weupe wanaokaa kwenye matope ni Wanafunzi, kwa sababu ya mashati. Kuna mmoja wa rangi ya machungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, anaruka polepole kama mtu asiye na deni: huyo ni Mama Machungwa. Na kuna mweusi, mwenye duara kubwa jeupe kwenye kila bawa. Huyo alimpa jina la Padri.

Siku moja ya mwaka 2022 alimkuta Padri amepandana na Mama Machungwa juu ya ua. Alipiga picha, akacheka mpaka machozi, na hakuthubutu kuwaonyesha wamama wa parokia.

Maelezo aliyapata miezi mingi baadaye. Kijana mmoja wa familia alimwekea kwenye simu programu iitwayo iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani. Unaweka picha, tarehe na mahali. Watu wa nchi mbalimbali wanaojua wanyama na mimea wanakuambia ni nini. Alipoweka picha ya kashfa, mtu asiyemjua alimjibu kwamba wale si aina mbili. Ni mume na mke wa aina moja, Hypolimnas misippus. Mume ni mweusi na mweupe. Mke amevaa nguo za Mama Machungwa.

Mama Machungwa wa kweli, Danaus chrysippus, ni chakula kibaya. Viwavi wake wanakula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu ile inabaki katika mwili hata wakiwa vipepeo. Ndege mchanga akimkamata mmoja, anatapika, na hatasahau ile rangi. Mke wa Padri hana sumu yoyote. Viwavi wake wanakula majani ya kawaida, kama lile gugu nene linalotambaa kando ya njia. Anaazima tu nguo ya mwenye kuogopwa, na ndege wanamwacha.

Namna ya kuwatenganisha ni hii, na Mwalimu alinionyesha kwenye picha mbili kando kando: Mama Machungwa ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa la nyuma, mke wa Padri ana moja tu, pembeni juu. Nimejaribu kwenye picha kumi zake. Nilikosea tatu.

"Na kwa kuwa ana bibi," anamalizia, "nilimugeuza. Sasa anaitwa Pasta."

Mimea yenye utomvu mweupe watu wengi wanaing'oa. Mwalimu anayo mitano au sita karibu na mahali pa kufulia, yenye matunda kama puto ndogo za kijani zenye nywele. Bila hiyo, anasema, Mama Machungwa angepita tu juu ya ukuta bila kushuka. Ndilo jambo lililobadilisha jicho langu siku hiyo. Maua yanamlisha kipepeo mkubwa, na kila mtu mwenye bustani anafikiri juu ya maua. Lakini kipepeo anataga mahali penye jani ambalo mtoto wake anaweza kula, na mara nyingi ni jani la aina moja au mbili tu. Ukifyeka jani lile, waridi zako zote hazisaidii.

Asifikiri msomaji kwamba Mwalimu ni mtakatifu. Ana tuta la matembele, na katika matembele kuna kipepeo mmoja mdogo, Acraea acerata, anayejulikana katika nchi zote za maziwa makubwa kwa kuharibu viazi vitamu. Viwavi wake wakiwa wadogo wanakaa pamoja ndani ya utando kama wa buibui, na wanaweza kubakiza mishipa ya majani tu. "Hii naua," Mwalimu anasema, na akaua mbele yangu: alichuma jani zima lenye utando, akalikunja, akalikanyaga. Hakuna dawa. Ukiwahi wakiwa bado pamoja, jani moja linamaliza kazi. Ukichelewa wanatawanyika, na hapo ni shida. Kisha akampiga picha mmoja aliyebaki, kwa ajili ya daftari.

Kasiksi kwa wakubwa

Vipepeo wakubwa, wanene, wenye mikia miwili midogo kwenye mabawa ya nyuma, hawajali maua hata kidogo. Wataalamu wanawaita Charaxes. Wanaruka kwa nguvu kama ndege na wanakaa juu ya miti. Wanapenda matunda yaliyooza, utomvu wa miti, hata mavi ya wanyama. Kwa miezi mingi Mwalimu aliwaona tu juu ya mwavoka, mbali, na simu yake ikikuza picha inaleta ukungu.

Jirani anayetengeneza kasiksi ndiye aliyetatua tatizo bila kujua. Alitupa mabaki ya pombe yake ya ndizi karibu na ukuta, na kesho yake vipepeo watatu walikuwa juu ya yale mabaki. Tangu hapo kuna sahani ya plastiki inayoning'inia kwenye mwavoka, ndani yake maganda ya ndizi na mabaki ya kasiksi. Nilimwona mmoja wa rangi ya kahawia akinywa kwa muda mrefu hivi kwamba niliweka simu yangu karibu naye kiasi cha upana wa mkono. Ubavu wa chini wa mabawa yake ulikuwa na mistari ya fedha na wino ambayo juu huwezi kuihisi.

Hilo ni somo lake la kwanza kwa mwenye kuanza: usikuze picha kwa vidole, sogea mwenyewe. Futa kioo cha simu kwa kitambaa safi, kwa kuwa mafuta ya shavu ndiyo yanayoharibu picha nyingi. Njoo kutoka chini, polepole, jua likiwa pembeni yako. Piga mabawa yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa, kwa sababu ubavu wa chini mara nyingi ndio unaotaja jina. Na piga pia jani au ua alilokaa juu yake. Picha nzuri isiyo na tarehe wala mahali, anasema kwa sauti ya darasani, ni pambo tu.

Kuhusu Wanafunzi weupe kwenye matope: wanaokusanyika hapo wengi wao ni madume, na wanachotafuta ni chumvi za udongo. Mwalimu anamwaga maji yenye chumvi kidogo. Katika nchi nyingi watu wanaofuatilia vipepeo wanatumia mkojo. Nilipomuuliza kama amejaribu, alibadilisha mazungumzo.

Ziko pia picha ambazo si za vipepeo. Ndege wa chozi wenye kung'aa kama shaba, kwenye maua ya mgomba. Popo chini ya mabati. Na kinyonga dume mwenye pembe tatu, wa aina inayopatikana katika milima yetu hii ya Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda, ambaye vijana wa jirani walitaka kumpiga mawe. Kinyonga anaogopwa hapa, kila mmoja ana hadithi yake. Mwalimu alisimama mbele ya mti na kuwauliza nani kati yao aliwahi kuumwa naye. Hakuna. Picha hiyo ni namba 412.

"Masasi. Pasta 1"

Daftari la tatu ndilo nililosoma kwa muda mrefu zaidi. Liko na kurasa za Februari 2025. Mji ulipochukuliwa na M23, Mwalimu hakutoka ndani ya lupango kwa siku nyingi. Binti yake alivuka kwenda Bujumbura pamoja na watoto, na yule mjukuu wa kopo la maziwa, aliyekuwa na miaka kumi na moja, alikwenda naye. Mwalimu alikataa kuondoka.

Maandishi ya siku hizo ni mafupi. Moja linasema: "Siku ya Mungu, 16/2. Masasi. Pasta 1, Ndimu 2."

Nilimuuliza kwa nini aliandika. Alisema alikuwa anaandika kila siku, na siku ile pia ilikuwa siku.

Tangu hapo picha zinaenda Bujumbura kwa WhatsApp, mega zikipatikana na moto ukiwapo wa kuchaji simu. Mjukuu anatakiwa kutaja jina kabla ya kuambiwa. Anakosea kidogo kuliko mimi.

Sisi waandishi wa habari tunajua kwamba kutoa kamera barabarani katika mji huu ni kutafuta maswali, na si kuanzia jana. Ndani ya ukuta wa nyumba, mama anayepiga picha ya jani hamsumbui mtu. Hata hivyo amekuwa mwangalifu. Programu ya iNaturalist inakubali mahali halisi pafichwe, na picha ionekane tu kuwa imetoka katika eneo pana. Ameweka hivyo kwa picha zote. Jina lake hapo si lake.

Kwa nini mtu wa Ulaya au Marekani asumbukie kipepeo wa Nguba? Afrika ina aina za vipepeo zaidi ya 4,000, na Kongo ni kati ya nchi zenye nyingi zaidi. Wadudu waliokusanywa hapa wakati wa ukoloni wamelala kwa mamilioni katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, wamechomwa sindano, kila mmoja na karatasi yake. Karibu na sisi kuna Lwiro, katika eneo la Kabare, kituo kilichozaliwa na taasisi ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947, ambako watafiti Wakongo wanaendelea kufanya kazi na makusanyo yao katika hali tunayoijua. Mdudu wa sanduku anasema kwamba mwaka fulani alikuwa hapa. Picha ya Mwalimu inasema yuko hapa leo. Kati ya hizo mbili kuna misitu iliyogeuka makala na vilima vilivyojaa nyumba, na ni watu wachache sana wanaoandika nani amebaki.

Na wengine si wa hapa tu. Katika daftari kuna mmoja wa kahawia na machungwa aliyeandikwa "Mgeni". Ni Vanessa cardui, aina ambayo vizazi vyake vinasafiri kati ya Ulaya na Afrika ya joto, wakivuka jangwa la Sahara. Mwaka 2024 watafiti walichapisha kwamba wengine wa aina hiyo, waliokutwa kwenye ufuko wa Guyana ya Ufaransa mwaka 2013, walikuwa wamevuka bahari ya Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, kilomita zisizopungua 4,200. Mwalimu aliposomewa habari hiyo aliuliza kama walikuwa na vizá.

Vyumba viwili na choo

Tulikuwa tumekwisha kunywa chai ndipo aliponionyesha matofali. Yamepangwa nyuma ya nyumba, yamefunikwa kwa hema la zamani.

Malipo yake ya ustaafu, ambayo hata zamani yalikuja kwa kuchelewa, yalikuwa yanapitia benki. Benki zilipofungwa, yakakatika. Kijana wake anayeishi Kampala anatuma kitu kila mwezi, lakini ana watoto watano. Ndiye aliyetoa wazo: sehemu ya chini ya lupango, mita kumi na mbili kwa tisa, ijengwe vyumba viwili na choo. Vikipangishwa, mama atakuwa na kitu chake mwenyewe.

Nilizungumza naye kwa simu, mama akiwa ametoa ruhusa. Hakuwa na hasira. "Muandike pia hii," alisema. "Mimi ninapenda zile picha. Lakini mwezi ukiisha, mama anakula nini? Vipepeo?"

Sikuwa na jibu, na Mwalimu mwenyewe hana. Hakukataa kujenga. Alichokataa ni mahali kamba ya kwanza ilipopita. Katika mpango wa kwanza mndimu ulikuwa katikati ya chumba cha pili.

Aliyemsaidia si mtaalamu wa mazingira. Ni masoni. Lupango liko kwenye mteremko, kama malupango mengi ya Bukavu, na chini yake kuna nyumba ya watu wengine. Kila mmoja wetu amekwisha kuona, musimu wa mvua, ukuta ulioondoka usiku pamoja na udongo wake na kuangukia waliolala chini. Masoni alipochimba kupima msingi alikuta mizizi ya mndimu na ya ua wa pembeni imeshika udongo wote wa ukingo. Akasema hatakata hapo, kwa sababu udongo ukiondoka jina litakaloharibika ni lake. Kamba ikasogezwa mita tatu juu.

Mndimu umebaki. Mwavoka umeanguka juma lililopita. Magogo yamekwisha kuuzwa kwa mtu wa makala, na feza zake zimenunua mifuko ya sima. Sahani ya kasiksi sasa inaning'inia kwenye msumari wa ukuta, na tangu hapo amekuja mkubwa mmoja tu. Mahali pa matope na mimea ya Mama Machungwa patakuwa choo. Ile mimea aliihamisha katika makopo, miwili ikafa. Mbegu alizifunga katika vipande vya gazeti na kuwagawia majirani, akiwaambia kwanza kwamba utomvu ni sumu, watoto wasiguse. Wengi walicheka. Watatu walipanda, na mmoja alikuja kulalamika kwamba kuna viwavi wenye mistari juu ya mmea aliopewa.

"Nilimuambia: ndiyo, ndiyo nilikupa," Mwalimu anasema.

Kabla sijaondoka alinirudisha kwenye matofali. Viwavi wa mndimu wakitaka kugeuka, mara nyingi wanashuka mtini na kutembea mbali kutafuta mahali pakavu. Mmoja alikuwa ametembea mpaka hapo. Kwenye ubavu wa tofali la tatu kutoka juu, chini ya ukingo wa hema, kulikuwa na kifuko cha kahawia, kimefungwa uzi mmoja kiunoni. Ningelipita mara mia bila kukiona.

Masoni alikuwa amekwisha kukionyeshwa asubuhi. Aliuliza itachukua siku ngapi. Mwalimu akamwambia wiki tatu, na kwamba mbili zimebaki. Masoni aliangalia rundo, akahesabu mistari kwa kidole, kisha akamwambia kijana wake aanze kubeba kutoka upande ule mwingine.